Umbo Lisilonyooka: Jiometri ya Fraktali katika Maumbile, Sayansi na Akili

Jiometri ya fraktali ni tawi la hisabati linaloshughulikia maumbo yasiyonyooka hata yakikuzwa. Kipande kidogo cha mduara, kikitazamwa kwa karibu sana, huonekana kama mstari wa rula. Ufuo wa bahari, ukingo wa wingu, matawi ya mto na mirija ya pafu havina tabia hiyo: kila vinapokuzwa mikunjo mipya hujitokeza, nayo hufanana kwa namna fulani na ile mikubwa iliyoonekana mwanzo. Kwa zaidi ya miaka elfu mbili jiometri iliyofundishwa tangu enzi za Euclid ilijikita katika mstari, mduara, pembetatu na tufe, ikayaacha maumbo mengine pembeni kana kwamba ni kasoro za maumbile. Ni hasara kubwa, kwa sababu yaliyoachwa pembeni ndiyo mengi zaidi. Fraktali zimeonyesha kwamba mkunjo una kanuni yake, na kwamba kanuni hiyo inaweza kuandikwa kwa namba.

Mfano ulio karibu ni urefu wa pwani. Vitabu hutaja pwani ya Kenya kuwa na kilomita 536, vingine 600, vingine hata 640. Kwa Tanzania zipo namba zinazokaribia 800 na ipo ya 1,424. Sehemu ya tofauti hizo hutokana na ramani iliyotumika na visiwa vilivyohesabiwa, lakini ipo sababu ya ndani zaidi, nayo ni hatua ya kupimia. Mpimaji aliyefungua bikari yake kwa kilomita 50 huziruka hori zote za Lamu na za Mombasa kwa mkupuo mmoja. Akiifunga hadi kilomita 1, analazimika kuingia katika kila hori, kuzunguka kila rasi na kufuata mikono ya delta ya Rufiji kati ya mikoko. Akipima kwa mita 1, anapita kwenye kila mwamba. Katika kila hatua urefu huongezeka, na hakuna dalili ya kutulia kwenye jibu moja ambalo lingeitwa urefu halisi.

Aliyeligundua jambo hili kwa vipimo alikuwa Lewis Fry Richardson, mtaalamu wa hali ya hewa wa Uingereza aliyezaliwa mwaka 1881. Richardson alikuwa Mquaker aliyekataa kubeba silaha, na wakati wa Vita Kuu ya Kwanza alifanya kazi katika kikosi cha magari ya wagonjwa nchini Ufaransa. Baadaye alitaka kujua kama uwezekano wa nchi mbili kupigana unahusiana na urefu wa mpaka wao. Alipotafuta takwimu alikuta Hispania imeandika mpaka wake na Ureno kuwa kilomita 987, huku Ureno ikiandika 1,214. Uholanzi ilitaja 380 kwa mpaka wake na Ubelgiji. Ubelgiji ikataja 449. Badala ya kuchagua namba moja na kuiacha nyingine, Richardson alipima mwenyewe juu ya ramani kwa hatua za urefu mbalimbali, akaona kwamba urefu unakua kwa utaratibu maalumu kadiri hatua inavyofupishwa. Alifariki mwaka 1953, na matokeo hayo yakachapishwa mwaka 1961 bila kuvuta macho ya wengi.

Ili kuuelewa utaratibu huo, ni vyema kuanza na umbo la kubuni lililochorwa mwaka 1904 na Helge von Koch wa Sweden. Mstari wa mita 1 hugawanywa katika sehemu tatu zilizo sawa. Ile ya katikati huondolewa na nafasi yake kujazwa na vipande viwili vya urefu uleule vilivyosimama kama kilele. Sasa vipo vipande vinne, kila kimoja theluthi ya mita, na jumla ni mita 1.33. Kila kipande hufanyiwa vivyo hivyo, kisha kila kipande kipya, bila kikomo. Baada ya hatua 10 urefu umefika mita 17.76, na kila kipande ni kifupi kuliko unene wa unywele. Baada ya hatua 20 ni zaidi ya mita 315. Wakati wote huo mchoro haujatoka nje ya eneo dogo la karatasi ambamo ulianzia.

Hapa ndipo dhana ya dimensheni inapohitaji kupanuliwa. Mstari ukipunguzwa hadi theluthi ya urefu wake, vipande 3 vya namna hiyo vinatosha kuujenga upya. Mraba uliopunguzwa pande zake hadi theluthi unahitaji vipande 9, na mchemraba 27. Namba hizo ni 3 iliyopandishwa kwa kipeo cha 1, cha 2 na cha 3, na vipeo hivyo ndivyo dimensheni zinazojulikana na kila mwanafunzi. Mpindo wa Koch unahitaji vipande 4. Kipeo kinachoifanya 3 iwe 4 hakiwezi kuwa namba nzima: ni logi ya 4 kugawanywa kwa logi ya 3, yaani takriban 1.26. Umbo hilo limezidi mstari, ila halijafika kuwa eneo.

Kwa kipimo hicho, vipimo vya Richardson hupata maana. Pwani ya magharibi ya Uingereza ina dimensheni ya takriban 1.25, mpaka wa Hispania na Ureno 1.14, na pwani ya Afrika Kusini, ambayo haina hori nyingi, 1.02. Tofauti inayoonekana ndogo kwenye karatasi ni kubwa mno kwenye ufuo. Penye 1.25, kila hatua ya bikari inapofupishwa kwa nusu, urefu hupanda kwa karibu asilimia 19; penye 1.02, hupanda kwa asilimia 1.4 tu. Swali la urefu wa pwani halina jibu moja, lakini swali la namna urefu huo unavyokua linalo, na jibu hilo linasema mengi zaidi kuhusu umbo la nchi.

Maumbo ya aina ya Koch yalikwishakuwapo katika hisabati muda mrefu kabla ya kupata jina. Mwaka 1872 Karl Weierstrass wa Ujerumani aliwasilisha mpindo usiokatika popote ambao hauna mteremko unaoweza kutajwa katika nukta yake yoyote. Mwaka 1883 Georg Cantor alieleza seti inayopatikana kwa kuondoa theluthi ya katikati ya mstari, kisha theluthi ya kila kipande kilichobaki, hadi kubaki vumbi la nukta zisizohesabika lenye urefu wa sifuri. Giuseppe Peano, mwaka 1890, alibuni mstari unaoujaza mraba mzima. Wanahisabati wengi wa wakati huo waliyachukia maumbo haya. Charles Hermite wa Ufaransa aliyaona kuwa balaa. Ni Felix Hausdorff aliyeyapa heshima, mwaka 1918, kwa kuunda nadharia kamili ya dimensheni zisizo namba nzima. Hausdorff alikuwa Myahudi wa Ujerumani. Mwezi Januari 1942, alipoamriwa kuhamia kambini, alijiua mjini Bonn pamoja na mkewe na shemeji yake. Kila dimensheni ya pwani au ya pafu inayotajwa leo inategemea kazi yake, na inafaa jina lake litajwe kabla ya majina yaliyopata umaarufu baadaye.

Aliyeyakusanya yote haya chini ya paa moja ni Benoit Mandelbrot. Alizaliwa Warsaw mwaka 1924, familia yake ikahamia Paris mwaka 1936, na wakati wa utawala wa Wanazi aliishi kwa kujificha mashambani nchini Ufaransa. Mwaka 1958 alijiunga na kampuni ya IBM nchini Marekani. Huko alichunguza makelele yaliyokuwa yakiharibu taarifa katika nyaya za simu, akaona kwamba makosa huja kwa mafungu, na ndani ya kila fungu kuna mafungu madogo yaliyotenganishwa na utulivu, kwa mpangilio uleule wa vumbi la Cantor. Mwaka 1967 alichapisha katika jarida la Science makala kuhusu urefu wa pwani ya Uingereza, akiifufua kazi ya Richardson. Neno fraktali alilitunga mwaka 1975, na kitabu chake kikubwa kuhusu jiometri ya maumbile kilitoka mwaka 1982. Alifariki mwaka 2010.

Umbo linalobeba jina lake hutokana na hesabu fupi ajabu: chukua namba, izidishe kwa yenyewe, ongeza namba ya kudumu, kisha rudia kwa jibu ulilopata. Kuanzia sifuri, namba ya kudumu ikiwa 1, mfululizo ni 0, 1, 2, 5, 26, 677, na unazidi kukimbia. Ikiwa −1, mfululizo ni 0, −1, 0, −1, na hautoki hapo kamwe. Namba za kudumu zinazoufanya mfululizo usikimbie, zikiwekwa kwenye ubao wa namba changamano, ndizo seti ya Mandelbrot. Ukingo wake, uliochorwa kwa kompyuta kuanzia miaka ya mwisho ya 1970, una mizunguko na vichipukizi visivyoisha. Mitsuhiro Shishikura wa Japani alithibitisha kwamba dimensheni ya ukingo huo ni 2 kamili. Yaani ni mstari uliokunjamana kiasi cha kufikia hadhi ya eneo. Gaston Julia na Pierre Fatou walikwishaweka msingi wa hesabu hizi wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, bila kompyuta na bila picha, kwa akili na kalamu tu.

Fraktali haziishii kwenye maumbo ya nafasi. Zipo pia katika mwendo wa wakati, na ushahidi wake mkubwa wa kwanza ulitoka katika Mto Nile. Harold Edwin Hurst, Mwingereza aliyefika Misri mwaka 1906 na kuufanyia mto huo kazi kwa miongo mingi, alitakiwa kukadiria bwawa liwe kubwa kiasi gani ili lisikauke wala kufurika. Alikuwa na hazina ambayo wataalamu wa mito mingine hawakuwa nayo: kumbukumbu za kina cha maji zilizopimwa katika kisiwa cha Roda, Kairo, tangu mwaka 622. Kama maji ya mwaka mmoja yasingehusiana kabisa na ya mwaka unaofuata, tofauti kati ya akiba ya juu kabisa na ya chini kabisa ingekua kwa kipeo cha 0.5 cha idadi ya miaka. Hurst alikuta kipeo cha takriban 0.72, si katika Nile peke yake, bali pia katika mvua, pete za miti na tabaka za matope ya maziwa. Kwa miaka 100, kipeo cha 0.5 kinatoa 10, na cha 0.72 kinatoa zaidi ya 27. Mhandisi aliyeamini namba ya kwanza angejenga bwawa lisilofikia nusu ya lile lililohitajika.

Maana yake ni kwamba mto una kumbukumbu ndefu. Miaka ya neema hufuatana, miaka ya ukame hufuatana, na ndani ya kipindi kirefu cha neema kuna vipindi vifupi vya ukame vyenye sura ileile. Mandelbrot, akishirikiana na James Wallis mwaka 1968, aliita tabia hiyo athari ya Yusufu, kwa kukumbuka miaka saba ya shibe na saba ya njaa nchini Misri; na mabadiliko makubwa ya ghafla akayaita athari ya Nuhu. Watu wa kandokando ya Ziwa Viktoria, linalolisha Nile Nyeupe, waliyaona yote mawili kwa pamoja: kati ya mwishoni mwa 1961 na katikati ya 1964 ziwa lilipanda kwa takriban mita 2.5, likafunika mashamba na gati, kisha likabaki juu kwa miaka mingi. Hesabu inayotegemea wastani wa miaka michache haiwezi kulitarajia tukio la namna hiyo, na hilo ni jambo la kuzingatiwa na kila anayepanga kujenga karibu na maji katika Afrika Mashariki.

Katika mwili wa binadamu, pafu ndilo fraktali iliyochunguzwa kwa kina zaidi. Bomba la hewa hugawanyika mara mbili, kila tawi hugawanyika tena, na hivyo hivyo kwa takriban vizazi 23, hadi kufikia vifuko vya hewa ambavyo idadi yake hukadiriwa kati ya milioni 300 na 500. Hesabu ndogo inaonyesha faida yake. Tufe lenye ujazo wa lita 5 lina uso wa mita za mraba 0.14. Mapafu ya ujazo huohuo yana uso wa ndani ambao makadirio ya chini huuweka kwenye mita za mraba 70 hivi, yaani mara 500. Oksijeni huingia kwenye damu kupitia uso huo, kwa hiyo mwili umepata sehemu kubwa ya kupumulia bila kuhitaji kifua kikubwa.

Kipenyo cha matawi nacho kina kanuni. Walter Hess mwaka 1914 na Cecil Murray mwaka 1926 walionyesha, kwa mishipa ya damu, kwamba kazi ya kusukuma inakuwa ndogo kabisa kila tawi likiwa na takriban asilimia 79 ya kipenyo cha mzazi wake. Ingetarajiwa pafu lifuate kipimo hicho barabara. Halifuati. Mwaka 2004 Benjamin Mauroy, Marcel Filoche, Ewald Weibel na Bernard Sapoval walieleza katika jarida la Nature kwamba matawi ya pafu la binadamu hupungua kidogo kuliko hivyo, kwa uwiano wa karibu 0.85, na wakatoa sababu. Ukinzani wa hewa katika mrija mwembamba huongezeka kwa kipeo cha nne cha kupungua kwa kipenyo. Mti wa mirija uliokamilika kwa hesabu ungekuwa hatarini: mirija ikibana kidogo tu, kama inavyotokea kwa mgonjwa wa pumu, hewa ingekosa njia. Ziada ile ndogo ya upana ni akiba ya usalama. Katika mifano yote ya fraktali za mwilini, huu ndio unaofundisha zaidi, kwa kuwa unaonyesha maumbile yakikiacha kilicho bora kwenye karatasi ili kiumbe apone siku mbaya.

Moyo wenye afya haupigi kwa vipindi vilivyo sawa kabisa. Ary Goldberger na wenzake, huko Boston, walionyesha kwamba tofauti ndogondogo kati ya pigo na pigo zina uhusiano wa muda mrefu unaofanana na ule wa Nile, na kwamba uhusiano huo huvurugika kwa wagonjwa ambao moyo wao unashindwa kazi. Mwendo wa miguu una tabia hiyohiyo. Katika miaka ya 1990 Jeffrey Hausdorff, katika kundi hilohilo, alipima muda wa kila hatua ya vijana wenye afya na kukuta kwamba hatua ya sasa inahusiana na mamia ya hatua za nyuma. Walipotakiwa kutembea kwa kufuata mlio wa metronomi, uhusiano huo ulitoweka, na kwa wazee na wagonjwa wa maradhi ya Huntington ulikuwa dhaifu. Ushahidi huu ndio unaoelekeza kwenye ubongo, kwa sababu unaashiria kwamba mpangilio wa hatua hutawaliwa na neva za juu wala hautokani na ufundi wa misuli peke yake.

Ubongo wenyewe ni mkunjo juu ya mkunjo. Gamba lake, likinyooshwa, lingekuwa na eneo la takriban mita za mraba 0.2, na karibu theluthi mbili yake imefichwa ndani ya mifereji. Kinachofanywa na akili kwa maumbo ya fraktali kimechunguzwa pia. Richard Voss na John Clarke walionyesha mwaka 1975 kwamba kupanda na kushuka kwa sauti katika muziki na usemi kunafuata mpangilio ulio kati ya mrindimo wa bahati nasibu na mwendo usiobadilika. Richard Taylor wa Oregon na wenzake wamekuta kwamba watu wengi wanaoonyeshwa picha huelekea kupenda zile zenye dimensheni kati ya 1.3 na 1.5, ambazo ni za kawaida katika mawingu na miti. Matokeo hayo yanavutia na yamerudiwa katika majaribio kadhaa. Dai lake jingine, la mwaka 1999, kwamba michoro ya mchoraji Jackson Pollock inaweza kutambuliwa kwa dimensheni yake, lilipingwa vikali mwaka 2006 na Katherine Jones-Smith na Harsh Mathur, walioonyesha kwamba hata michoro ya ovyo hupita kipimo hicho. Dai la kwanza lina nguvu zaidi kuliko la pili.

Kwamba akili ya binadamu inaweza kubuni kwa njia ya fraktali bila kuhitaji nadharia iliyoandikwa, Afrika ina ushahidi wa kutosha. Ron Eglash, katika kitabu chake cha mwaka 1999 kuhusu fraktali za Kiafrika, anaeleza vijiji vya Waila wa kusini mwa Zambia: boma la duara lililoundwa kwa maboma madogo ya duara, na kila boma dogo likiwa na nyumba zilizopangwa kwa duara. Katika jumba la mtawala huko Logone-Birni, kaskazini mwa Kamerun, kuta za mstatili huzaa kuta za mstatili. Msusi anayesuka nywele kwa mistari hurudia kitendo kilekile huku akipunguza ukubwa wa kila pindo kulingana na lililotangulia. Mfano wenye uzito zaidi ni ukuta wa mabua wa kukinga upepo katika Sahel. Safu za chini ni ndefu na zimeachana. Za juu ni fupi na zimebanana, kwa sababu upepo huongezeka nguvu kadiri ya kimo, na fundi hataki kupoteza mabua pasipo na haja. Hapo umbo la fraktali ni hesabu ya gharama iliyofanywa na mtu anayejua anachokifanya. Eglash mwenyewe anasisitiza kwamba kufanana kwa macho hakutoshi, na kwamba ni lazima nia ya fundi ithibitishwe.

Tahadhari hiyo inahitajika katika fani nzima. Mpindo wa Koch hauna mwisho, lakini kila kitu halisi kina mwisho: ufuo unaishia kwenye chembe ya mchanga, na katika pafu, baada ya vizazi 16 hivi, kazi ya mirija inabadilika, hewa ikianza kusambaa yenyewe badala ya kusukumwa. Shaun Lovejoy aliandika mwaka 1982 kwamba kingo za mawingu na mvua zina dimensheni ya takriban 1.35 kuanzia kilomita 1 ya mraba hadi 1,000,000, na upana huo wa skeli ni wa nadra sana. Mwaka 1998 David Avnir na wenzake wa Jerusalem walipitia makala 96 za fizikia zilizodai kugundua fraktali, wakakuta kwamba kwa wastani madai hayo yalisimama juu ya skeli zinazotofautiana kwa mara 20 tu hivi. Hawakusema dhana itupwe, kwani hata katika masafa mafupi namba moja inayofupisha umbo gumu na kulihusisha na kazi yake ina manufaa. Walichotaka ni kwamba kila dimensheni itajwe pamoja na skeli ndogo na skeli kubwa ambazo ilipimwa kati yake.